Kumngoja Bwana Kila Siku: Namna ya Kulea Shauku ya Kuja Kwake

Biblia inafungwa kwa ahadi na jibu lake. Katika Ufunuo 22:20 Bwana anasema, "Naam, naja upesi," na kanisa linajibu, "Amina, na uje, Bwana Yesu." Baada ya hapo umebaki mstari mmoja tu wa kuwatakia watu neema. Sala hiyo ni fupi kiasi kwamba mtoto anaweza kuishika kwa kuisikia mara moja, lakini ni sala ambayo Wakristo wengi hatuiombi. Dalili za kuja kwake tunazijua. Vita na uvumi wa vita, njaa, matetemeko, manabii wa uongo, upendo wa wengi kupoa: hayo yote tunaweza kuyataja bila kufungua kitabu. Ila ukimuuliza mtu faraghani kama angependa Bwana aje usiku huu, anaanza kutafuta udhuru. Kwanza nimalize nyumba. Kwanza binti yangu aolewe. Kwanza nijiweke sawa.

Hapo ndipo penye ugonjwa, na dalili haziutibu. Kuzijua dalili humwamsha mtu, lakini hakumfanyi apende. Anayetamani kurudi kwa Bwana ni yule anayemjua Bwana mwenyewe, na kadiri anavyomjua ndivyo kiu inavyozidi. Mwenye mpendwa wake safarini hahitaji kuambiwa asikilize mlango. Paulo alipoitaja taji ya haki katika 2 Timotheo 4:8 hakusema imewekewa wajuzi wa mambo ya mwisho. Alisema ni ya wote waliopenda kufunuliwa kwake. Kwa hiyo swali la maana ni namna gani upendo huo unalelewa, kwa muda gani, kwa maandiko yapi, na ni kitu gani huuzima.

Tuanze na saa ya faragha, maana bila hiyo mengine yote ni kelele. Dakika 40 asubuhi zinatosha kwa mtu mwenye kazi na familia, na dakika 10 usiku kabla ya kulala. Asiyeweza 40 aanze na 20, lakini asianze na saa nzima. Wengi wanaoanza kwa saa nzima huchoka kabla mwezi haujaisha, kisha hujihukumu na kuacha kabisa. Simu ikae chumba kingine. Ukiitumia kusomea Biblia, ujumbe mmoja tu ukiingia, robo saa imekwenda na moyo umeshahama. Nunua Biblia ya karatasi yenye maandishi unayoyasoma bila taabu, na daftari moja dogo.

Dakika 5 za kwanza ni za kimya. Usiombe kitu. Tamka mstari mmoja wa kungoja, polepole, mara tatu au nne, Zaburi 130:6 unafaa sana: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi." Mlinzi wa usiku hana shaka kama kutapambazuka. Anachoka, anasikia baridi, lakini macho yake yako mashariki, na hakuna anachoweza kufanya ili jua litoke mapema. Ndiyo hali ya moyo tunayoitafuta. Kisha dakika 15 za Neno, dakika 15 za maombi, na dakika 5 za kuandika ulichopata: mstari mmoja, na jambo moja la kutenda siku hiyo. Ukiandika kurasa tatu, daftari litageuka kazi ya shule.

Usianzie Ufunuo. Najua wengi hukimbilia huko, na hasa sura ya 13, wakitafuta mnyama na hesabu ya 666. Wanatoka wakimjua zaidi mnyama kuliko Mwana-Kondoo. Anza na 1 Wathesalonike. Ni miongoni mwa nyaraka za kwanza kabisa za Paulo, iliandikwa karibu mwaka 50, kwa kanisa changa lililokuwa likiteswa. Ina sura 5 na mistari 89, na ukiisoma yote kwa sauti inachukua kama robo saa. Kila sura inagusa kuja kwa Bwana: katika 1:10 waamini wanamngoja Mwana kutoka mbinguni, katika 2:19 wao ni taji ya kujionea fahari mbele zake ajapo, katika 3:13 mioyo yao inaimarishwa kwa ajili ya siku hiyo, katika 4:13 hadi 18 wanafarijiwa juu ya waliolala, na katika 5:23 Paulo anaomba roho, nafsi na mwili vihifadhiwe bila lawama hata kuja kwake. Soma sura moja kwa siku, siku 5. Siku ya 6 isome barua yote kwa pumzi moja. Siku ya 7 pumzika nayo ibadani. Rudia wiki ya pili. Ukishaisoma mara mbili hivyo, utaanza kuona kwamba kwa Paulo kuja kwa Bwana si somo la mwisho wa mtaala. Kumo ndani ya faraja, ndani ya usafi wa mwili, ndani ya kazi za mikono.

Baada ya hapo nenda Yohana 14 hadi 17, usikie sauti ya yule unayemngoja. Kisha Luka 12, 17, 18 na 21. Kisha Mathayo 24 na 25, bila kuzitenganisha, kwa kuwa sura ya 25 ndiyo inayofafanua maana ya "kesheni" ya sura ya 24. Ufunuo uje baadaye, na uje kwa sauti: kitabu chenyewe kinamtamkia heri anayesoma na wanaosikia (1:3). Chote huchukua kama saa moja na nusu kusomwa, hivyo familia au kikundi kinaweza kukimaliza kwa jioni mbili. Beba kalamu utie alama kwenye heri zake 7: 1:3, 14:13, 16:15, 19:9, 20:6, 22:7 na 22:14. Mtu aliyezipitia heri hizo hasomi tena kitabu kile kama orodha ya vitisho.

Sasa tulitazame andiko moja kwa karibu, maana wengi husoma vizuri wakashindwa kuomba walichokisoma. Chukua 1 Wathesalonike 4:16 hadi 18. "Kwa sababu Bwana mwenyewe atashuka kutoka mbinguni." Simama kwenye neno "mwenyewe". Hatumi mjumbe aje kutuchukua. Anakuja yeye, yule yule aliyeketi kisimani Samaria akiwa amechoka, aliyelia kaburini kwa Lazaro. Hapo omba: Bwana, nataka uso wako kuliko zawadi zako. Endelea: "pamoja na mwaliko, na sauti ya malaika mkuu, na parapanda ya Mungu." Hakuna cha siri hapo. Omba kwa ajili ya wale waliozoea kukutana na Mungu kwa kujificha. "Nao waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza." Taja majina. Taja mama, mtoto, rafiki, mzee wa kanisa aliyekufundisha kuomba, kwa sauti, mmoja mmoja, na umshukuru Mungu kwa kila mmoja. Watu wa Thesalonike walidhani waliokufa wamepoteza nafasi, na Paulo anasema wao ndio watakaotangulia. "Kisha sisi tulio hai, tuliosalia, tutanyakuliwa pamoja nao." Shika hayo maneno mawili, "pamoja nao". "Na hivyo tutakuwa pamoja na Bwana milele." Hapa usiseme kitu kwa dakika moja. Kisha 4:18, "farijianeni kwa maneno hayo": andika jina la mtu mmoja aliyefiwa, na leo hii umpigie simu au umtembelee. Mistari mitatu imetosha saa nzima ya faragha, na imezaa ibada, maombezi na tendo.

Katika sehemu ya maombi, Sala ya Bwana iwe uti wa mgongo. Didake, mafundisho ya Kanisa la mwanzo, inawaagiza waamini kuiomba mara 3 kwa siku, na katika sala zake za shukrani mezani kuna maombi kwamba neema ije na ulimwengu huu upite, ikifuatiwa na "Maranatha" (Bwana wetu, njoo). Yaani watu wale waliomba kuja kwa Bwana huku mikono yao ikiwa kwenye mkate. Ukifika "Ufalme wako uje", usipite mbio. Taja mahali palipovunjika: wodi fulani, mahakama fulani ambako mnyonge ameonewa, nyumba ambayo baba hasemi na mwanawe, nchi yenye vita. Omba: ufalme wako uje hapo. Ukizoea kuomba hivyo, kila habari mbaya itakuwa sababu ya kumwita Bwana, wala haitakuwa sababu ya kukisia tarehe.

Lipo jambo linalowasumbua waombaji wa kweli: nitawezaje kusema "uje upesi" na ndugu zangu hawajaokoka? Petro amekwisha kulijibu, na analijibu ndani ya sura moja. Katika 2 Petro 3:9 anasema Bwana anavumilia kwa kuwa hapendi mtu yeyote apotee. Katika 3:12 anatutaka tuitazamie siku ile na kuihimiza. Vyote viwili viombwe. Ukiisha kusema "uje", taja watu watatu ambao hawajamjua, kwa jina, kila siku, watatu hao hao kwa miezi, na uwe tayari wewe mwenyewe kuwa jibu la ombi hilo kwa kuwaendea. Wawe watatu, orodha ya watu 50 husomwa tu, haiombewi.

Zile dakika 10 za usiku zina kazi yake. Ni za kufunga hesabu ya siku. Uliza mambo mawili matatu: nimemkosea nani na sijamwomba radhi, nimeahidi nini na sijatimiza, nina deni gani ninalokwepa? 1 Yohana 3:3 inasema kila mwenye matumaini haya katika yeye hujitakasa. Kujitakasa huko ni kwa vitu vya kawaida: ujumbe wa msamaha unaotumwa kabla ya kulala, fedha ya mtu inayorudishwa kesho asubuhi. Kisha sema, "Amina, na uje, Bwana Yesu," na ulale. Kulala si dhambi. Katika mfano wa wanawali kumi, bwana arusi alipokawia wote walisinzia wakalala, wenye busara na wapumbavu. Kilichowatenga ni mafuta, na mafuta yalikuwa yamechukuliwa au hayakuchukuliwa kabla ya usingizi. Wapumbavu hawakukosa taa, wala hawakukosa mwaliko, wala hawakumkana bwana arusi. Walikisia tu kwamba hatakawia. Walijiandaa kwa kungoja kufupi. Ndiyo maana nasisitiza vipimo vidogo vinavyodumu kuliko moto mkubwa wa wiki mbili.

Kuna usiku wa kulala, na kuna usiku wa kukesha. Katika Marko 13:35 Bwana anazitaja zamu nne za usiku kama Warumi walivyozigawa, kila moja saa 3: jioni, tangu saa 12 hadi saa 3, usiku wa manane, hadi saa 6, awikapo jimbi, hadi saa 9, na asubuhi, hadi saa 12 alfajiri. Kisha anafunga kwa kusema kwamba hilo analowaambia wanafunzi anawaambia wote: kesheni. Kikundi kinachoanza kisijaribu zamu zote nne. Zamu moja kwa mwezi, tangu saa 3 usiku hadi saa 6, inazaa kuliko mkesha wa kila wiki unaowaacha watu wakisinzia kazini. Panga hivi: dakika 20 za nyimbo, nyimbo za kuja kwake, si zozote tu, dakika 25 za kusoma kwa sauti Luka 12:35 hadi 48 na 1 Wathesalonike yote, dakika 30 za toba ya kimya, kila mtu peke yake, kisha saa moja na nusu ya maombi katika vipindi 6 vya dakika 15, kila kipindi na kiongozi wake na jambo lake moja. Dakika 15 za mwisho ni za kuombeana wawili wawili. Mkesha huharibika kwa njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni mhubiri kumeza muda. Watu wamekuja kuomba, wanarudi wamesikiliza. Ya pili ni vipaza sauti: kelele humfanya mtu ajisikie ameomba kumbe amesisimka, na majirani wanaokosa usingizi hawatamsikia Kristo unayemhubiri.

Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, akiueleza mfano wa wanawali aliandika kwamba katika mkesha wa Pasaka kanisa halikuruhusiwa kuwaaga watu kabla ya usiku wa manane, kwa kuwa walikuwa wakimngoja Kristo aje. Na kule Herrnhut, Ujerumani, tarehe 27 Agosti 1727, Wamoravian wanaume 24 na wanawake 24 walianza kugawana saa za siku ili maombi yasikatike, kila mmoja kwa saa yake. Mnyororo huo uliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Siri yake ilikuwa udogo wa sehemu ya kila mmoja. Watu 6 wakichukua nusu saa kila mmoja, mnayo zamu kamili ya saa 3, kila mtu akiwa nyumbani kwake. Anayemaliza humtumia anayefuata neno moja tu, naye huanza.

Kufunga nako kumefungamanishwa moja kwa moja na kungoja. Wanafunzi wa Yohana Mbatizaji walipomwendea Yesu kuuliza kwa nini wanafunzi wake hawafungi, Bwana alijibu kwamba walioalikwa hawaombolezi bwana arusi akiwapo, lakini siku zitakuja atakapoondolewa, "ndipo watakapofunga" (Mathayo 9:15). Kwa hiyo saumu ya Mkristo ni njaa ya kumkosa Bwana arusi. Siku moja kwa wiki inatosha: kula jioni, usile tena hadi jioni inayofuata, kunywa maji ya kutosha, na muda wa chakula cha mchana uutumie magotini. Usipoutumia hivyo, umeahirisha mlo tu. Fungua kwa chakula chepesi. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo au anayetumia dawa za kila siku asifunge chakula bila kuzungumza na daktari. Anaweza kufunga mitandao ya kijamii kuanzia macheo hadi machweo, na kwa watu wengi hiyo ni saumu ngumu zaidi.

Meza ya Bwana ina neno ambalo mara nyingi tunalipita: katika 1 Wakorintho 11:26, kila tuulapo mkate na kukinywea kikombe twaitangaza mauti yake "hata ajapo". Meza ile ina mwisho wake. Usiku wa kuamkia siku ya kushiriki, soma Luka 22:14 hadi 20, ambako Bwana mwenyewe anasema hatakunywa tena uzao wa mzabibu hata ufalme wa Mungu utakapokuja. Yeye pia anangoja.

Kwa makanisa yanayofuata kalenda, kuna Majilio: Jumapili 4 kabla ya Krismasi, ya kwanza ikiangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Katika liturujia ya Kirumi, hadi 16 Desemba masomo yanaelekea kuja kwake mara ya pili, na ni tangu 17 Desemba ndipo yanageukia kuzaliwa Bethlehemu. Wengi huziruka zile wiki za kwanza wakakimbilia horini, na hivyo hupoteza msimu wa pekee ambao kanisa zima linafundishwa kungoja. Asiyefuata kalenda hiyo hana hasara. 1 Wathesalonike haina msimu.

Sasa vitu vinavyoizima shauku hii. Cha kwanza ni kupanga tarehe, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu waliodanganyika si wapumbavu wala wanafiki. Mara nyingi ni watu waliompenda Bwana sana. Mapema katika karne ya 3, Hippolito wa Roma, akieleza kitabu cha Danieli, alisimulia habari za kiongozi wa kanisa huko Ponto aliyeota ndoto na kuwatangazia watu kwamba hukumu itafika ndani ya mwaka mmoja. Watu waliacha mashamba, wengi wakauza mali zao, wakaomba kwa machozi. Mwaka ukaisha. Waliouza wakaishia kuomba sadaka, na imani za wengi zikatikisika. William Miller, mkulima wa New York nchini Marekani, alichukua zile jioni na asubuhi 2,300 za Danieli 8:14, akahesabu kila siku kuwa mwaka, akaanzia 457 KK, akafika mwaka 1843; baadaye hesabu ikasogezwa hadi 1844 kwa kuwa hakuna mwaka sifuri kati ya KK na BK, na wafuasi wake wakaishika 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao shambani. Siku ile ilipopita walilia hadi kukapambazuka. Baadhi waliacha imani. Wengine walirudi kwenye Maandiko, na kutoka kwao likatokea Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa rasmi 1863. Karibu na siku zetu, Harold Camping, mhubiri wa redio nchini Marekani, alitangaza 21 Mei 2011, kisha 21 Oktoba, na mwaka uliofuata akakiri kwamba kufanya hivyo ilikuwa dhambi.

Hesabu zile hukosea kwa sababu moja: zinajibu swali ambalo Bwana amekataa kulijibu. Katika Matendo 1:7 aliwaambia mitume, "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira," na katika mstari unaofuata akawapa kazi, kuwa mashahidi. Hasara ya tarehe haiishii kwenye aibu. Mtu aliyeilenga siku husubiri siku, na siku ikipita hana tena cha kusubiri; aliyemlenga Bwana hajapoteza kitu. Ukisikia mhubiri akitaja tarehe, hata kwa "huenda", ondoka.

Ndugu wa tarehe ni kuifanya kila taarifa ya habari kuwa unabii uliotimia. Mathayo 24:6 inataja vita na uvumi wa vita, halafu inasema, "lakini ule mwisho bado," na kuagiza tusitishwe. Anayeshinda kutwa na video za mambo ya mwisho ajipime kwa wiki moja: saa alizotazama na saa alizoomba. Akiona video zimezidi, anakula hofu. Na hofu hiyo huwafikia watoto. Usimwambie mtoto kwamba ataamka akute wazazi wamenyakuliwa naye ameachwa. Wapo watu wazima wanaoendelea kuogopa kwa sababu ya maneno hayo. Msomee Yohana 14:1 hadi 3, Bwana anakwenda kutuandalia mahali kisha anarudi kutukaribisha kwake, naye atamngoja kwa furaha.

Cha pili ni uvivu uliovaa joho la kiroho. Thesalonike walikuwapo walioacha kazi, na Paulo akasema asiyetaka kufanya kazi asile (2 Wathesalonike 3:10). Kuacha masomo, kuacha kupanda, kutolipa ada ya mtoto kwa sababu "Bwana yu karibu" ni kumpa Bwana hesabu mbaya ya talanta. Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, ule ule unaotaja parapanda, unawaagiza watu watulie, watende shughuli zao na kufanya kazi kwa mikono yao.

Cha tatu ni mabishano. Kunyakuliwa ni kabla ya dhiki au baada yake, miaka 1,000 ni ya halisi au ya mfano: watu wacha Mungu wamekuwa pande zote kwa karne nyingi. Jifunze, uwe na msimamo, lakini mabishano hayo yasiingie katika dakika zako 40.

Kinachoua wengi zaidi, hata hivyo, hakina kishindo. Luka 21:34 inataja mambo matatu yanayouelemea moyo: ulafi, ulevi na masumbufu ya maisha haya. Masumbufu yamepangwa safu moja na ulevi. Mtu anaweza asiguse pombe maisha yake yote akawa amelewa mkopo, ujenzi, cheo. Na mtumwa wa Mathayo 24:48 hakusema bwana wake haji. Alisema moyoni, "Bwana wangu anakawia," na mara hiyo akaanza kuwapiga wajoli wake. Ukijiona umekuwa mkali kwa walio chini yako, mfanyakazi, mke, mtoto, usianze kwa kutafuta shida kwenye hasira. Angalia kwanza ni lini mara ya mwisho uliomba "uje". Paulo aliyaweka pamoja katika Wafilipi 4:5: upole wetu ujulikane na watu wote, Bwana yu karibu.

Basi kila wiki tenga nusu siku ya Mathayo 25:31 hadi 46. Mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa, mfungwa: chagua mmoja kati ya hao sita kwa mwezi, mwende wawili, mpeleke kitu kinachohitajika na si kinachowazidi nyumbani, na mketi walau dakika 30 bila kuangalia saa. Tunayemngoja kwa wingu ametuambia mapema mahali anapopatikana kabla hajaja.

Utakatika. Safari, ugonjwa, mtoto mchanga, msiba. Wiki tatu zinapita daftari halijafunguliwa. Usijaribu kulipa siku zilizopotea kwa kuomba saa mbili asubuhi moja, kwani kesho yake utakuwa umeacha tena. Rudi na dakika 10 tu: mstari wa Zaburi 130, 1 Wathesalonike sura ya 1 yenye mistari 10, na Sala ya Bwana. Kaa kwenye dakika 10 hizo siku 7. Wiki ya pili ongeza hadi 20, na wale watu watatu uwarudishe kwenye maombi kwa majina yao.